Fotei ya Muhumba na mtoto aliyelia kila niliporudi nyumbani

Wakuu, amani kwenu.

Nina kisa changu mwenyewe. Siongezi wala sipunguzi, maana anayeaibika humu ni mimi tu.

Naona kina mama wengi humu wanauliza jinsi ya kumpakata mtoto ili anyonye vizuri, na waume zao wako kimya. Mimi sikukaa kimya. Ndiyo shida yenyewe.

Ilikuwa Bukavu, nchi bado inaitwa Zaïre. Nilikuwa kijana niliyemaliza sekondari, miguu haitulii. Nanunua sabuni, chumvi na betri mjini, napeleka kwa wachimba dhahabu wa Luhwindja. Wiki tatu huko, wiki moja nyumbani.

Mke wangu Nabintu alimzaa mtoto wetu wa kwanza, Neema, kwa kupasuliwa. Mama yake Nabintu akatoka kijijini kuja kumuuguza.

Wiki hiyo hiyo nikanunua fotei. Mzungu mmoja wa Muhumba, mtaa wa wenye pesa, alikuwa anahama, anauza vitu vya nyumba. Kiti kikubwa cha sebuleni, mito myekundu, mikono ya mbao mirefu ajabu. Tuliipandisha hadi kwetu Kadutu watu wanne, majirani wamesimama milangoni. Hakuna mtu wa avenue yetu aliyekuwa nayo.

Siku moja narudi kutoka sokoni, namkuta Nabintu amelala ubavu chini kwenye mkeka, ananyonyesha. Kitenge kimekunjwa, kimewekwa nyuma ya mgongo wa mtoto. Mama yake ndiye aliyemwonyesha, ili uzito wa mtoto usiguse kidonda.

Nikasema, "Nabintu, bageni bakiingia batasema nini? Ile fotei nilimubebea nani?"

"Papa Neema, ile kiti inanipandisha mikono. Mutoto hafike ku ziwa muzuri."

"Utazoea. Bamama ba Muhumba bananyonyesha mu fotei, na batoto babo banakuwa banene."

Wakuu, sikuwahi kumwona hata mama mmoja wa Muhumba akinyonyesha.

Akahamia kwenye fotei. Mama mkwe hakusema neno. Kwetu mama mkwe haketi chumba kimoja na mkwe wake, wala hamkosoi uso kwa uso. Nikiwa nyumbani, yeye yuko jikoni kule nyuma. Nikachukua kimya chake kuwa amekubali.

Basi mtoto akaanza kulia. Wiki nzima ninayokuwa nyumbani, anashika ziwa, anaachia, analia. Nikisafiri na kurudi, majirani wananiambia mtoto alikuwa mtulivu kabisa. Nami namkuta amenenepa. Siku mbili tu, kilio kinaanza tena.

Nikajiambia, na Nabintu nikamwambia pia: huyu mtoto hanipendi.

Iliniuma. Nikafupisha siku za nyumbani. Nikaanza kushuka hata Sange kununua mchele, safari isiyo na faida yoyote, ili tu niwe njiani.

Halafu mvua zikaja, barabara ya Luhwindja ikakatika. Nikakaa nyumbani wiki sita mfululizo. Ziwa moja la Nabintu likavimba, likawa gumu kama jiwe, homa ikampanda. Alipopona, maziwa yalikuwa yamekwisha. Neema hakuwa amefika miezi minne. Tukamkuza kwa uji wa mtama, na maziwa ya kopo siku yalipopatikana. Alikonda, akaugua sana, akapona kwa neema ya Mungu.

Na mimi nikawa nasema mbele za watu, "Bibi yangu hana bahati ya maziwa." Yeye yupo pale, anasikia.

Baada ya hapo nimeishi Uvira, Kigoma, Lubumbashi, na pengine ambapo sikumbuki hata jina la mtaa. Nyumbani nikawa wa kupita tu.

Mwaka jana nikarudi. Neema mwenyewe alikuwa amejifungua, yuko kwa mama yake. Naingia, namkuta amelala ubavu kwenye mkeka, kitenge kimekunjwa nyuma ya mtoto. Mtoto anameza mpaka unasikia. Fotei iko kwenye kona, mito imepauka.

Aliponiona akaanza kuinuka.

"Pole papa, ninaenda ku fotei."

"Nani alikuambia uende ku fotei?"

"Mama. Alisema papa akiwa mu nyumba, tunanyonyesha mu fotei."

Nabintu alikuwa mlangoni mwa jikoni, sufuria mkononi. Akacheka kidogo.

"Weye ulifikiri mutoto anakuchukia? Ukitoka tu na mizigo yako, mama alikuwa anatandika mukeka. Papa Neema, nilikuwa ninaomba Mungu barabara ikuwe muzuri, uende."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Siku ya kwanza."

Nikamwambia Neema alale vile vile alivyokuwa. Nikatoka, nikakaa kwenye ngazi, manyunyu yananipiga, nikasikiliza.

Mtoto hakulia.

Mama mkwe alishafariki, sikumshukuru hata siku moja. Nabintu nilimwomba samahani jioni ile. Akasema, "Kula kwanza." Mpaka leo sijui kama amenisamehe.

Nilichojifunza ni kidogo: mama anayenyonyesha ndiye anayejua mwili wake unauma wapi. Alale, akae, aegemee ukuta, mradi mtoto anashiba. Mume kazi yake ni kuuliza, kisha kusikia jibu.

Kina baba, kuna aliyewahi kukosea kama mimi? Na kina mama, ninyi mlikuwa mkifanya nini sisi tukisafiri? Andikeni hapo chini. Safari hii nasoma yote, sibishani na mtu.