Thora na Mtoto wa Sili

Kisiwani kwetu kondoo hukaa nje ya ukuta wa mawe, ufukweni, wakila mwani maji yakitoka. Mwana-kondoo akionekana peke yake huko, mama yake amekufa au amemkataa. Thora Cutt humbeba, humpa chupa, naye hupona. Mimi nanunua sufu, na ya Thora huichagua kwanza, wala si kwa urafiki: mifugo yake ina afya.

Ndiyo maana Novemba ile, alipokuta mtoto wa sili, mweupe, analia peke yake maweni, hakujiuliza mara mbili. Alimfunga kwenye shali akaenda naye jikoni.

Kesho yake nilifika kuangalia sufu, nikabaki mlangoni mdomo wazi. Mnyama wa baharini kalala mbele ya jiko, anaharisha maziwa ya ng'ombe, macho yamezama. Nikamwita jirani, Mansie, mvuvi wa kambakoche. Aliingia, akamtazama, akavua kofia.

"Mama yake yuko pale ufukweni tangu jana, anazunguka anapiga kelele. Wewe hukumsikia, Thora?"

"Nilimsikia. Nikadhani ndiyo zao."

Akakaa chini kama aliyepigwa. Mansie hakumwonea huruma. Alimwambia sili huingia majini na kurudi kunyonyesha, na maziwa yake mazito karibu kama siagi. Haya ya chupa kwa mtoto huyu ni maji matupu. "Huyu si kondoo, mama. Atakufia hapo hapo."

Thora akahofia kwamba sasa mama yake atamkataa. Kondoo jike akisikia harufu ngeni kwa mwanawe humpiga kichwa mpaka amvunje mbavu, na mtoto huyu alinuka moshi na mbwa. Tulimpeleka ufukweni upesi, Thora akamsugua kwa mwani mbichi, akamweka mchangani. Mama mtu akatoka majini, meno nje, akamjia Thora kwa kasi ambayo sikuitegemea kwa mwili ule. Thora akaanguka chali, akajiburuta nyuma. Sili akamnusa mwanawe. Akamnusa tena. Kisha akalala ubavu, mtoto akanyonya.

"Haiwezekani," Thora alinong'ona.

Wiki mbili baadaye mama yule aliingia baharini moja kwa moja, hakugeuka hata kutazama. Mansie alikuwa ametuambia kwamba ndivyo sili anavyomwachisha mtoto ziwa, naye hujifunza bahari mwenyewe. Mtoto alibaki amenona kama gunia, analia. Thora alisimama ukutani kutwa nzima, kapauka uso, mikono mfukoni. Hakushuka.