Magunia Yaliyofunikwa Khanga

Enzi zetu mchele ulikuja na mawe yake, na hakuna aliyeona ajabu. Ulinunua mchele ukapewa na changarawe, na chuya, na mara moja moja mdudu aliyesafiri kutoka bara bila nauli. Kuvitenganisha ilikuwa kazi yako. Siku hizi mtoto ukimpa ungo anadhani ni pambo la ukutani. Simlaumu. Nimeziona nyungo zimetundikwa kwenye hoteli moja ya maana, zimepakwa rangi, na bei yake niliiuliza mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nilidhani yule kijana ananitania.

Sie tulikulia Temeke, mitaa ya nyuma ya soko la Tandika, nyumba za vyumba sita na ua mmoja. Asubuhi mchakamchaka shuleni, vumbi hadi kwenye kope. Mchana tunanyonya barafu za ukwaju za kwenye vifuko, unang'ata ncha kidogo sana ili isiishe upesi. Jioni wavulana kwenye mpira wa soksi, wasichana kwenye rede na mdako. Kwenye mdako nilikuwa hatari. Kijiwe kikiwa hewani, mie nimeshafagia vyote vilivyo kwenye shimo, na bado nimepata nafasi ya kuhesabu vya mwenzangu kama hajaiba. Kuhesabu nilizaliwa nako. Mama alikuwa akinituma dukani hanihoji nikirudi, maana nilikuwa nimeshamhoji mwenye duka.

Hilo nimerithi kwa Baba. Baba alikuwa fundi cherehani, lakini ukimuuliza mtu yeyote wa mtaani angekwambia kazi yake hasa ni kupatana bei. Aliweza kupatana bei ya kitu asichokihitaji, akapunguziwa, akaondoka bila kununua, akalala usingizi mzuri. Wauza samaki walikuwa wakimwona kwa mbali wanajifanya wameinama kutafuta kitu.

Sasa dada yangu mkubwa, Mwanahawa, akachumbiwa na kijana wa Kigamboni. Shughuli ikapangwa Jumamosi, kwetu, uwani. Kijana mwenyewe alikuwa mpole, hana neno. Aliyekuwa na maneno ni mama yake, Bi Zuhura. Ilisemekana aliwahi kuinuka katikati ya harusi ya watu akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama nyama imekwisha au bado iko njiani. Mama yangu hakumwogopa kwa ugomvi. Alimwogopa kwa kumbukumbu. Alijua pilau ikiharibika siku hiyo, Mwanahawa ataingia kwenye ile nyumba na jina lisilofutika, yule ambaye kwao walitulisha visivyolika. Atazaa, atazeeka, na jina lipo.

Kazi ya kununua mchele akapewa Baba. Nani mwingine.

Alhamisi akarudi na mkokoteni wenye magunia mawili na uso wa mtu aliyeshinda kesi. Alikuwa amepatana na mwenye lori tangu asubuhi hadi karibu adhuhuri. Mwenye lori akachoka, akamwambia, "Mzee, kwa bei hiyo nakupa yale ya kule nyuma." Baba akayachukua ya kule nyuma. Akafungua mdomo wa gunia, akatia vidole, akaona mchele mweupe mrefu, akalipa haraka kabla mtu hajabadili mawazo. Kitu kimoja hakufanya: hakuomba bambo. Bambo ni kile kichuma chenye mfereji, unakichoma ubavuni mwa gunia kikuletee mchele wa katikati. Kila mnunuzi wa Tandika anakijua. Lakini mtu aliyezoea kupatana bei, bei ikishashuka, macho nayo hushuka.

Mama akamwaga kidogo kwenye ungo. Wa juu ulikuwa mchele. Uliofuata ulikuwa umefagiwa sakafuni huko ulikoanikiwa, na waliofagia hawakuwa wachoyo. Mama akachota kutoka gunia la pili. Yale yale. Akaweka ungo chini, akakaa kwenye kigoda, akaacha mikono imelala mapajani kama si yake. Vitunguu havijamenywa, bibi harusi hajapakwa hina, viti havijaazimwa, na magunia mawili ya mawe yanamtazama.

"Nikianza leo," alisema, "nitamaliza Ramadhani ijayo."

Baba akakumbuka kuna suruali ya mteja, akaenda kwenye cherehani yake.

Nilikuwa sijawahi kumwona Mama amekaa mchana. Mama yetu alikuwa wa kusimama. Nadhani kilichonitisha siku ile si mchele, ni kile kigoda.

Aliyetuokoa ni Shangazi Tausi, dada yake Baba, aliyekuja kutoka Kinondoni kusimamia mapishi. Alikuwa mwembamba, hana haraka, na shughuli za watu alizisimamia kama nahodha. Akamkuta wifi yake pale pale.

"Wifi, umefiwa?"

"Nenda kaone mchele alioleta kaka yako."

Shangazi akatia mkono hadi kwenye kiwiko, akautoa, akaangalia kiganja. Kisha akapaza sauti kuelekea kwenye cherehani. "Kaka, hiki ni mchele au kifusi?"

"Mchele mzuri huo, wa Kyela," Baba akajibu bila kugeuka. "Una vijiwe kidogo."

"Vijiwe kidogo. Ungeongeza na saruji tungemjengea binti choo."

Mama akacheka kidogo, kicheko cha puani, kisha machozi yakaja. "Tausi, hayaishi haya. Yaangalie."

"Ndiyo maana sitaki uyaangalie."

Akaingia ndani, akatoka na khanga mbili za Mama, akafunika magunia yote mawili kuanzia mdomoni hadi chini, kama mtu anafunika kabati siku ya kupiga chokaa. Akatandika mikeka, akaipanga ili kila atakayekaa ayape magunia mgongo. Akatutuma sie watoto kuita majirani, kila mwenye ungo aje na ungo. Walikuja. Enzi zile ukiitwa unakuja kwanza, kuuliza baadaye.

Masharti yake yalikuwa mafupi. Kuchota ni yeye peke yake. Mtu akimaliza ungo anainua mkono, anamwagiwa mwingine. Hakuna kugeuka nyuma, hakuna kuuliza umebaki kiasi gani. Na kwenye ungo wenyewe usihangaike na wote. "Vuta fungu dogo kwa kidole," alituonyesha, "lisizidi kiganja. Litandaze. Likishakuwa safi lisukume upande wa pili, uvute lingine. Lililo mbele ya kidole chako ndilo mchele wote uliopo duniani."

Kwa wengine hayo yalikuwa masharti. Kwangu yalikuwa adhabu. Mie niliyehesabu vidato vya ngazi za zahanati nikipanda, nikarudia nikishuka, eti nikae bila kujua gunia limefika wapi. Nilivumilia ungo wa kwanza. Kwenye wa pili shingo ikaanza kujivuta yenyewe. Nikageuka, nikaona lile tumbo la gunia limejaa vile vile chini ya khanga, na vidole vyangu vikapoa. Nikageuka tena kuhakikisha. Vikapoa zaidi.

"We mtoto," Shangazi akasema, "shingo imeingia kutu unailegeza? Mbona unaizungusha?"

"Naangalia tu, Shangazi."

"Njoo huku."

Akanihamisha, akanikalisha uso kwa ukuta wa jirani. "Kama lazima uhesabu, hesabu matofali. Ya mchele niachie mie."

Niliyahesabu matofali, mara mbili. Yalipoisha sikuwa na cha kuhesabu, ikabaki ungo na kidole. Na hapo ndipo kitu kikatulia. Fungu, tandaza, sukuma. Jiwe jeusi linaonekana haraka. Jeupe ni jambazi, linajifanya punje. Vidole vya mdako vikapata kazi yake. Karibu yangu wanawake wanazungumza habari za watu, sauti inashuka kila nikionekana nasikiliza, mawe yanadondoka kwenye kopo la maziwa, tik, tik, na harufu ya karafuu inatoka ndani ambako Mama, amesimama tena, anatwanga viungo. Nilishtuka jua limehamia upande wa pili wa ua.

Ijumaa tuliendelea. Baada ya swala Baba naye akatoka, akachukua ungo, akakaa kwenye mkeka kati ya wanawake, kanzu imekunjwa magotini. Hakuna aliyemwambia. Jirani mmoja mwanamume akapita, akasimama mlangoni, amefurahi kupita kiasi.

"Fundi, leo umehamia jikoni?"

"Napatana bei na hili jiwe," Baba akasema, hainui uso. "Linagoma."

Jirani alicheka mpaka akaingia, na alipoingia Shangazi akampa ungo.

Alasiri ile niliinua mkono nimwagiwe mwingine, Shangazi hakuja. Nikainua tena. Nikageuka nikamkuta anakunja khanga. Chini yake hakukuwa na kitu, magunia yamelala chali kama mbwa wenye joto. Mama alikuwa mlangoni na mwiko mkononi, anayaangalia.

Baba hakuacha kupatana bei, asingekuwa yeye. Ila toka siku ile aliongeza hatua moja tu mbele: bambo kwanza, bei baadaye. Mwanzoni alikuwa anasahau, anarudi tokea mlangoni mwa duka kuomba bambo, wauzaji wanamcheka. Baadaye mkono ukawa unanyooka wenyewe kabla ya salamu. Mtu mzima alibadilika kwa kitu kidogo hivyo, na mie nikaweka akilini.

Nimekitumia sana. Mwaka niliofiwa na mume wangu, watoto wadogo, meza yangu ya vyombo pale sokoni imefungwa, nilikuwa nakaa kitandani nayaona yote kwa pamoja na mikono inalala mapajani. Siku moja nikayafunika. Nikabakiza kitu kimoja, kufungua meza asubuhi. Kufungua tu. Kuuza hakukuwa kwenye ungo wangu wiki ile. Na daktari aliponiambia niache sukari sikuacha sukari, nani anaweza kuacha sukari. Niliacha ya chai ya saa nne. Ilipokwisha kusahaulika nikahamia ya jioni. Leo nakunywa chai bila sukari na sijivuni, ingawa nimeshakuambia.

Basi Jumamosi watu wa Kigamboni wakavuka kwa pantoni, wakaja wakipiga matwari. Pilau ikapakuliwa kwenye masinia. Bi Zuhura akakalishwa sinia moja na Mama na Shangazi Tausi, na mie nikapewa kazi ya kushika birika la maji ya kunawa, kwa hiyo niliona kila kitu. Alikula vizuri. Alisifu viazi. Kisha taya likasimama.

Mama aliona. Tonge lake halikufika mdomoni. Shangazi akaendelea kutafuna, ila polepole, macho kwenye sinia. Bi Zuhura akapeleka vidole viwili mdomoni, akatoa kitu, akakiangalia kidogo. Jeupe. Nilijua ni lipi. Nikamwaza Mwanahawa, ndani, na hina yake.

Yule mama akalisogeza jiwe chini ya ukingo wa sinia, akaomba kachumbari, akala hadi mwisho. Alipokuwa ananawa, maji yanamiminika kutoka mikononi mwangu, akamuuliza Mama kwa sauti ile ile yake ya kawaida:

"Mlichambua wenyewe, mkwe?"

"Wenyewe," Mama akasema.

"Inaonekana. Kwetu tulikuwa tunaacha mengi zaidi."

Akafuta mikono. Na Mama, aliyekuwa hajala tangu Alhamisi, akarudi kwenye sinia akamaliza kilichobaki.

Leo jiwe lile lingepigwa picha. Lingekuwa kwenye status kabla mate hayajakauka, na watu wa Mbagala wangekuwa wanacheka bibi harusi hajatoka ndani.

Mwaka jana aliolewa mtoto wa Mwanahawa, Rukia. Binti ana akili, ana kazi nzuri, na alikuja kwangu analia. Simu yake ilikuwa na magrupu ya harusi hata hajui lipi la nini, kamati inazaa kamati, na juu ya hayo alikuwa ameapa kuanzia Jumatatu ataamka alfajiri, atakimbia, ataacha soda na atajifunza Kichina.

"Mama mdogo, stresi zitaniua."

Nikaichukua simu, nikaifunika khanga. "Leo ukumbi tu."

"Na keki?"

"Keki iko chini ya khanga."

"Na Kichina?"

"Wachina wapo, hawaendi popote."

Akacheka, tukapiga simu ya ukumbi. Kesho yake keki. Alifika salama, na soda ameacha, moja ya mchana. Kichina bado.

Harusi ilikuwa Sinza, ukumbi una kiyoyozi, chakula kimeletwa na kampuni, vijana wenye glavu wanapakua. Hakuna aliyeitwa kusaidia, hivyo hakuna aliyekuja mapema. Nilikaa meza moja na watu wastaarabu nisiowajua majina, kila mtu na sahani yake. Wali ulikuwa mweupe, umechambuka punje kwa punje. Niliutafuna taratibu, kwa mazoea, nikisikilizia. Hakukuwa na kitu.