Wamekula, Bado Hawajacheka

Juzi nimeshuka basi Inyonga, hata vumbi sijajikung'uta, nakuta uwanja wetu umejaa maspika. Pale lilipokuwa bani letu, lile jengo la udongo la kukaushia tumbaku, kijana mmoja mhubiri, wa suti, anapiga kelele kwamba ombi lisilojibiwa ndani ya siku saba, mwombaji ana kasoro. Siku saba! Damu ilinichemka. Huyo hakumjua bibi yangu.

Kama hujakulia kwenye tumbaku nikueleze. Moto wa bani haulazimishwi. Unauongezea magogo taratibu, joto lipande kidogo kidogo. Ukiwa na haraka, majani yanashika moto na jengo zima linaondoka. Baba mkubwa alikuwa na haraka. Alitaka kuwahi mnadani, akasukumia magogo tele kwa mara moja, akaenda zake. Aliporudi, jasho lake na la baba yangu la mwaka mzima lilikuwa majivu. Kuanzia hapo kila mmoja akajenga bani lake, na salamu zikakatika. Ndugu wa tumbo moja, kisima kimoja, wanapishana kama hawajuani! Nikikumbuka bado nakasirika.

Kila jioni bibi alikaa kwenye kigogo mbele ya lile bani lililoungua, rozari mkononi, sisi wajukuu tumepiga magoti kwenye changarawe. Moshi wa kuni unatuingia machoni, kisamvu kinachemka jikoni, njaa inauma. Aliwaombea wanawe wapatane, tena kwa sauti, makusudi, wasikie wanavyotajwa. Akimaliza anapakua ugali sahani moja, anawaita wote wawili. Hawaji. Ugali unapoa, tunaumalizia sisi kwa asali. Kesho yake hivyo hivyo.

Jirani yetu, mama mmoja mdomo mrefu, alimwambia mbele yetu, "Mama, Mungu si kiziwi. Mwache apumzike."

"Na mimi si bubu," bibi akamjibu. "Nyie, pigeni magoti."

Msimu mmoja baba akalala na malaria, hajiwezi, na bani lake limeshawashwa. Asubuhi tukamkuta baba mkubwa pale anachochea moto wa mdogo wake, macho mekundu, amenuna kweli kweli. Alikaa hapo mpaka tumbaku ikakauka. Baba alipopata nafuu, bibi akapakua kama kawaida, akaita. Wakaja wote wawili. Wakala kimya, mkono mmoja ukiingia mwingine unatoka.

Sisi watoto tulishangilia mioyoni, tukajua magoti yetu yamepona. Wapi! Sahani haijaoshwa, bibi kashika rozari.

"Bibi, si wamekula?" nikamlalamikia.

"Wamekula. Bado hawajacheka."

Na hawakucheka. Walisalimiana kwa shida, walikula, wakaondoka kila mtu na njia yake. Bibi akazeeka na ombi lake lile lile, hata aliposhindwa kutembea alitaka abebwe mpaka kwenye kigogo.

Siku tuliyomzika, watu wamekaa wanasubiri chakula cha msiba, baba akamwigiza mama yake: "Nyie, pigeni magoti!" Baba mkubwa akaangua kicheko, akamshika baba bega, wakacheka wote wawili mpaka machozi. Waombolezaji wakafurahi. Mimi nilitamani kuwamwagia maji ya moto. Kicheko hicho aliwaombea tangu sijaanza shule, wao wakakitoa kaburi lake likiwa bado bichi. Sikuwasamehe, na sijui kama nitawasamehe.

Sasa baba hayupo, baba mkubwa hayupo, mabani yamebomoka, kile kigogo kimeliwa na mchwa. Hakuna anayemtaja mwenzake kwa Mungu kila jioni; kila mtu ana haraka.

Yule kijana alinifuata na kipaza sauti chake, akaniuliza nina hitaji gani, nipate majibu kabla ya Jumapili.

"Toka hapo ulipokanyaga," nikamwambia. "Hapo mtu aliomba kitu kimoja mpaka akafa. Na alipewa."