Matanga Hayakupita Getini

Mama yangu alipofariki Bukavu, habari ilinikuta ugenini, mtaa wa Glenwood, katika jengo ambalo mume wangu hakuchoka kulisifu kwa utulivu wake. Utulivu wa namna ile una wenyewe, na tangu siku ya kuhamia nilijua sisi hatumo.

Kwetu aliyefiwa haulizwi kama anataka wageni. Watu wanakuja, wanatandika mikeka, wanaimba, wanapika, wanalala hapo hapo mpaka mwenyewe akumbuke kula. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi jioni ile kina mama wa kanisa wakafika kutoka Point, mtaa wetu wa zamani, na masufuria yao, wakazuiwa getini. Na mlinzi mwenyewe ni Mkongo kama sisi. Nilishuka ngazi nikamrushia maneno yote niliyokuwa nayo, naye ameinamisha kichwa.

"Pole sana, mama," akaniambia. "Lakini order ya hapa iko moja: wageni wawili, na hakuna kuimba. Nikifungua, kesho niko bila kazi."

Nikampigia simu mwenyekiti wa kamati ya jengo, mzungu mpole, hata sauti hakupandisha. Alinipa pole, kisha akanishauri nikodi ukumbi, kana kwamba naoza binti. Zamani katika nchi hii serikali ya wazungu ndiyo iliyowapangia watu mitaa kwa rangi zao. Siku hizi kodi yangu inakaribishwa vizuri kabisa, ila watu wangu wabaki nje. Nimechoka kuambiwa kwamba mambo yamebadilika.

Tukaenda Point, kwenye jengo lile tulilolihama. Jirani yangu wa zamani akasukuma kitanda chake hadi korido ili watu wapate pa kukaa. Nilimlilia mama yangu katika chumba cha mtu, huku nyumba yangu imefungwa tupu, na hasira ilinikaba kuliko msiba wenyewe.

Niliporudi Glenwood nilikutana kwenye ngazi na jirani wa mlango wa pili, bibi wa kizungu ambaye hunisalimia kila siku. Akaniuliza kama tulikwenda likizo. Nikamwambia nimefiwa na mama. Akanishika mkono, machozi yakamlengalenga, na nikaona hayakuwa ya kuigiza.

"Ningekuja kukaa nawe," akasema. "Lakini sikuona mtu yeyote akija kwako."