Kiyoyozi cha Chumba cha Mabati

Kazi yangu ni kufunga viyoyozi kwenye maofisi ya mjini, lakini naishi mtaa wa Umoja, kwenye ploti ambayo hakuna mpangaji aliye na kiyoyozi. Nilishangaa jirani wa orofa ya juu, dereva wa lori, aliponisimamisha akaniomba nikampimie chumba anunue kiyoyozi.

"Ni cha mama watoto," alisema. "Tangu aungue, hatoki jasho."

Nilijua mkewe alilipukiwa na mtungi wa gesi. Sikujua kwamba makovu hayatoi jasho, kwamba joto lote linamkaa mwilini.

Nilipanda alasiri. Mama alikuwa ameketi sakafuni, amejitanda shuka lililoloweshwa. Nikapima urefu, upana, na kimo mpaka kwenye mabati, maana dari haikuwako. Dirisha lilitazama magharibi. Nikauliza wanalala wangapi na wanapikia wapi. Wote humu, akanijibu, na jiko ni lile pale.

"Usinifiche, fundi," akasema. "Nimezoea kuambiwa mabaya."

Nikarudia hesabu. Mabati peke yake yaliingiza joto jingi kuliko watu, jiko na dirisha kwa pamoja. Mashine ya kutosha chumba kile ni ya ukubwa ninaofunga kwenye ukumbi wa mikutano, na waya wa stima wa orofa ile usingeibeba.

"Anza na dari," nikamwambia mumewe. "Ukizuia joto la mabati, hata ndogo itatosha."

Mwenye ploti alikataa. "Hapo juu nitapandisha orofa nyingine," alimwambia. "Nikianza, mtahama. Dari ya nini?" Hajaanza mpaka leo.

Jirani akanunua mashine ndogo kuukuu. Nilipokataa kuifunga, alitafuta fundi mwingine. Ilipuliza hewa vuguvugu mchana kutwa, kisha stima ikakatika orofa nzima. Wapangaji wakajaa mlangoni.

"Sisi sote tukae bila stima kwa sababu ya mtu mmoja?" mwanamke mmoja aliuliza.

Mama alikuwa amesimama palepale, akisikia. Aligeuka, akaichomoa mwenyewe.

Siku hizi alasiri hushuka kuketi kwenye ngazi za chini, penye kivuli. Nikitoka kazini husogeza miguu nipite.

"Habari ya huko kwenye baridi?" huniuliza.

"Nzuri tu," humjibu, nikaingia kwangu na kufunga mlango.