Mkaguzi wa hataza aliniuliza mashine ya kukimbilia ni wazo la nani, nikajibu kwa adabu nikajiponza

Wakuu, salaam. Wa Kigoma, Bujumbura, Goma, na nyie mnaosoma humu kimya kimya bila kuandika, wote karibuni.

Juzi kuna uzi humu watu walikuwa wanabishana kama fundi wa mtaani anaweza kupata hataza ya kitu alichobuni, ile ambayo kwetu Burundi tunaita brevet. Wengi wakasema haiwezekani. Mimi ninayo. Nitaeleza ilivyokuwa bila kuongeza chumvi, na mashine yenyewe ipo Gitega, mwenye mashaka aende akaikanyage.

Kwanza mnijue kidogo.

Nimezaliwa Ngara, upande wa Tanzania, wazazi wangu wakiwa wakimbizi kutoka Butihinda, Burundi. Ndiyo maana Kiswahili changu kiko hivi na majirani wananiita Mtanzania mpaka leo. Tuliporudi nyumbani nilikuwa kijana mkubwa, sina shamba la kueleweka wala cheti cha kueleweka. Baba akanipeleka Gashoho kwa rafiki yake wa msikitini, Fundi Rajabu.

Fundi Rajabu kazi yake ni mipira. Anachukua mipira ya ndani ya magurudumu, anaikata mikanda mirefu, na kwa mikanda hiyo anasuka viti, vitanda, na kufunga keria za zile baiskeli zinazobeba ndizi kutoka Giteranyi. Ukiona baiskeli imebeba mzigo mrefu kuliko mwenye baiskeli na haiyumbi, kuna uwezekano mkubwa alifunga yeye au mwanafunzi wake.

Alinifundisha mambo mawili kwa ukali sana.

La kwanza, kila mahali mpira unapopita juu ya mbao, unakatwa na kupigwa fundo lake, na mvuto wote uwe sawasawa. Mkanda mmoja ukikatika, mingine inashika. Ukimfungia mtu keria kwa mpira mmoja usiokatwa, siku ukikatika ndizi zote ziko barabarani.

La pili ni adabu. Kwetu mafundi wa mitaa ya Waislamu, mtu akikusifia kazi, hukubali sifa. Unasema, "Si yangu, ni ya fundi wangu." Na ukimwendea huyo fundi wako, naye atasema ni ya fundi wake. Hata ukiwa umebuni mwenyewe unasema hivyo hivyo. Anayesema "nimebuni mimi" anaonekana hana malezi.

Hilo la pili mlikumbuke, ndilo lililotaka kuniua.

Nikafungua karakana yangu Muyinga mjini. Naiita karakana lakini ilikuwa turubai na miti minne. Masika ikianza, kazi inalala, mimi na mke wangu Zaituni tunakaa kuangalia mvua. Ndoto yangu ilikuwa moja tu, kupata karakana yenye paa la bati, nifanye kazi mwaka mzima. Nilikuwa naitamani mpaka naota usiku sauti ya mvua juu ya bati.

Sasa kulikuwa na Bwana Amiri. Huyu ni mfanyabiashara wa Gitega, babu yake alitoka India. Anaagiza vyombo vya nyumbani na vifaa vya michezo, na tangu Gitega iwe makao makuu, watu wanaotaka kupunguza vitambi wameongezeka, kwa hiyo biashara yake haikulala. Mimi nilikuwa namtengenezea viti vya dukani.

Yeye mwenyewe ana sukari. Daktari kamwambia atembee kila siku, kwa hiyo akajiwekea treadmill, ile mashine ya kukimbilia, nyuma ya duka. Ubao wa chini, ule ambao mkanda wa mashine unapita juu yake na wewe unakanyaga, ukapasuka. Akaweka ubao mwingine mgumu, magoti yakaanza kulia. Akaniita.

"Ndugu yangu," akaniambia, "nifanyie pale chini kitu iko souple kidogo, kitu inabonyea. Nikitembea juu ya hii mi nasikia kama natembea juu ya kaburi."

Nikatoa ubao, nikapanga vibao vyembamba vya kukingama, nikavilaza juu ya mikanda ya mpira. Nilifunga kama nilivyofundishwa, kila mahali fundo, mvuto sawa. Amiri akapanda, akatembea, akashuka anachechemea. Mpira ulikuwa unamrusha. Nikilegeza, anazama kote kama yuko kwenye godoro.

Nikakaa chini kumwangalia anavyotembea. Nikaona kisigino kinatua mbele ya mashine, halafu mkanda unavuta mguu kwenda nyuma, na kule nyuma ndiko vidole vinasukuma. Kwa hiyo mbele panataka kulegea na nyuma panataka kukaza, kwa mguu ule ule, kwa hatua ile ile.

Hapo nikafanya kitu ambacho Gashoho ningefukuzwa nacho. Nikafungua mafundo yote. Nikachukua mpira mmoja mrefu usiokatwa, nikaupitisha chini ya vibao kwa kwenda na kurudi, kuanzia nyuma umekazwa mpaka mbele umelegea, nikafunga kwenye ncha mbili tu. Katikati unateleza wenyewe. Ukikanyaga mbele, uzito wako unaunyonya mpira kutoka nyuma, mbele panabonyea na nyuma panakaza. Mguu ukifika nyuma unakuta pako tayari.

Amiri akapanda. Akatembea. Akaendelea kutembea, mteja akawa anamwita dukani hasikii.

Alivyoshuka hakusifia. Alisema, "Hii tunatafuta brevet."

Yeye ndiye anayejua mambo hayo. Mpango wake ulikuwa mzuri: tuombe hataza kwa jina langu kama mbunifu, ikitoka atajenga karakana Muyinga, ya bati na sakafu ya saruji, tutengeneze vibao hivyo kwa ajili ya mashine zote anazouza. Bila hataza hajengi. Na alikuwa na sababu, maana tulipokwisha kupeleka maombi, mfanyabiashara mwingine alikuja dukani kwake akijifanya mteja, akalala chini kabisa kupiga picha mashine kwa simu ili akaiige.

Kwa hiyo kwangu hataza ilikuwa ni lile paa. Hakuna kingine.

Wengi hamjui ukaguzi wa hataza unavyokwenda, ngoja niseme kwa kifupi. Mkaguzi hajali kama kitu chako ni kizuri. Anauliza kama ni kipya, yaani hakijawahi kuonekana popote duniani. Halafu anauliza kama fundi yeyote wa kazi hiyo angeweza kukifikia bila shida. Na jina la mbunifu lazima liwe la kweli.

Jibu la kwanza lilirudi baya. Mkaguzi alikuwa amekuta michoro ya nchi za nje yenye mipira chini ya ubao wa kukimbilia. Tukajibu kwamba ile ni mipira iliyokatwa, kila mmoja unakaa peke yake, wetu ni mmoja unaoteleza. Akasema sawa, tofauti ameiona, lakini anataka kuona mashine yenyewe ndipo aamue kama ni ubunifu au ni kazi ya kawaida ya fundi wa mipira.

Akaja Gitega. Mama mmoja mtaratibu, miwani imening'inia kifuani, tukamwita Madame. Akavua viatu, akapanda, akatembea. Nikaona uso unafunguka.

"Ni kazi nzuri kabisa," akasema. "Alors, hii wazo ni ya kwako?"

Wakuu, nilifurahi kupita kiasi. Na mimi nikifurahi, malezi yanatangulia akili. Nikainamisha kichwa, mkono kifuani, nikasema:

"Hapana Madame. Si yangu, ni ya fundi wangu, Rajabu wa Gashoho."

Akaacha kutabasamu. Akavaa miwani. Akaandika.

Amiri alinitazama kama mtu aliyeona nyumba yake inaungua. Nikaanza kujieleza, kwamba hivyo ndivyo tunavyosema, ni adabu tu. Madame akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mbunifu aliyeandikwa kwenye maombi ameshakana mbele yake, hawezi kujifanya hakusikia. Akataka tumlete huyo fundi.

Nikarudi Muyinga. Niliona aibu, nikajichukia. Zaituni aliponisikia alicheka kwanza, halafu akaona machozi yangu akaacha.

Amiri akapiga simu. Anataka nimfundishe mzee la kusema. "Mwambie aseme moja tu, kwamba ni ya kwako. Si ni kweli?"

Ni kweli. Lakini nani anamfundisha Fundi Rajabu la kusema? Na ningemwambiaje mwalimu wangu akatae mbele ya watu kwamba kazi yangu haitokani na yeye? Nikaenda Gashoho, nikamkuta anakata mipira, nikamwambia tu kuna mkubwa wa serikali Gitega anataka kumuuliza kuhusu kazi yangu. Hakuuliza zaidi. Alivaa kanzu ya Ijumaa tukaondoka.

Tukafika. Madame akamsalimia kwa heshima, akamwonyesha mashine kwa juu, akamuuliza kama wazo hilo ni lake.

Mzee akaweka mkono kifuani.

"Oya, hapana, Madame. Haiko yangu. Ni ya fundi wangu, Mungu amurehemu, alikufaka zamani."

Nawaambia, Amiri alikaa chini kwenye sakafu. Madame alishika kichwa. Nadhani alikuwa anajiona akipelekwa makaburini kumhoji marehemu.

Lakini mama yule hakuwa mtu wa kukata tamaa. Akasema, "Mzee, kabla ya kusema ni ya nani, angalia kwanza chini."

Fundi Rajabu akapiga magoti, akaingiza kichwa chini ya mashine. Nikaona mkono wake unapapasa mpira kutoka nyuma kwenda mbele, unatafuta mafundo.

Akatoka uso umebadilika.

"Weye!" Ananinyooshea kidole mbele ya wote. "Nani alikufundishaka kufunga ivi?"

Akainama tena, akauvuta mpira.

"Mafundo iko wapi? Nyuma umekaza, mbele umelegeza kama kamba ya mbuzi! Mupira moya, haukukatwa! Mi nilikufundisha ivi? Madame, mi sikumufundisha ivi. Hii si kazi yangu, na haiko ya fundi wangu, usiandike jina yake juu ya hii kintu! Huyu mutoto nilimufundisha muzuri. Hii ametoa mu kichwa yake mwenyewe!"

Nilitamani ardhi inimeze. Mzee niliyemheshimu kuliko wote ananigombeza kwenye duka la watu, na wateja wanachungulia.

Madame alikuwa ameshashika kalamu. Akauliza polepole, "Mzee, kwa hiyo fundi mzuri wa mipira hawezi kufunga namna hii?"

"Fundi muzuri? Hata mubaya hawezi! Uliza Gashoho yote, uliza Giteranyi, hakuna mutu iko na akili anafunga ivi!"

Madame akaandika hayo yote. Halafu akamuuliza tena, na jamaa nyie, mpaka leo nikikumbuka sauti yake nacheka peke yangu: "Una uhakika kabisa, mzee?"

"Kabisa!"

Akafunga kalamu. Akasema maswali yake yamekwisha.

Mzee hakuelewa kwa nini Amiri anamkumbatia. Mimi mwenyewe nilichelewa kuelewa. Kumbe ndilo swali lililokuwa limebaki, kama fundi wa kawaida angelifikia wazo hili mwenyewe. Na fundi mkubwa kuliko wote tunaowajua ameapa kwamba hakuna mwenye akili angelifikia. Na suala la mbunifu ni nani akalimaliza kwa pumzi ile ile.

Hataza ikatoka. Jina langu lipo. Amiri alitimiza neno, karakana ipo Muyinga, ya bati, na masika hii nimefanya kazi kila siku huku mvua inapiga juu yangu. Naandika haya nikiwa ndani yake.

Siku ya ufunguzi nilimleta Fundi Rajabu. Nilikuwa na hofu bado ana kinyongo. Akazunguka karakana, akagonga nguzo, akaangalia paa, halafu akavua viatu akapanda kwenye mashine ya majaribio tuliyoiweka pale, bila kukaribishwa. Ana magoti mabaya, miaka yote hiyo ya kukaa chini anakata mipira. Akatembea. Sisi tunasubiri.

"Bado imefungwa mubaya," akasema.

Na hakushuka. Adhuhuri ikaadhiniwa, tukamwambia mzee tukaswali, akasema tutangulie kutawadha, anakuja.

Nilichojifunza wakuu: adabu ni nzuri, ila ujue unamwonyesha nani. Mkaguzi akikuuliza wazo ni la nani, sema ni langu, kisha nenda nyumbani ukatubu. Na mwalimu wako akikugombeza mbele za watu, usikimbilie kulia, msikilize kwanza anasema nini.

Kwa watu wengine wote nimerudia desturi yangu. Wateja wakisifia, nasema ni kazi ya Fundi Rajabu wa Gashoho. Nasikia wakifika kwake kumpongeza anakana kwa hasira, na mimi nafurahi, maana ndiye mtu pekee anayezunguka wilaya nzima akiapa kwamba wazo ni langu.

Haya, wenye hataza zenu, waliokataliwa, na wale mlioponzwa na malezi mazuri, uwanja ni wenu. Mtu asiniulize bei, niulizeni kuhusu mipira.