Kidonda Kilichosafishwa Kabla ya Kupimwa

Mtu aliyenifundisha kuchukua sampuli ya kidonda ndiye aliyenidanganya kwa sampuli ya kidonda. Nalisema mapema nisije nikaonekana nazunguka. Alikuwa muuguzi kiongozi wa wodi ya upasuaji katika hospitali ambayo sitaitaja jina, kati ya Kilosa na Mikumi. Mama wa milimani, Mamboya, mwenye mwandiko mzuri wa shule ya misheni. Mimi nilikuwa maabara, mzaliwa wa Mabwerebwere, mgeni kazini. Wiki yangu ya kwanza alinishika mkono akanionyesha: kidonda kioshwe kwa maji ya chumvi tu, kisha kijiti cha pamba kizungushwe kwenye nyama hai, si juu ya usaha.

“Spiriti usiguse, mwanangu,” alisema. “Ukipaka spiriti umeua shahidi.”

Nilimpenda tangu siku hiyo. Tukikutana mara tatu kwa siku nilimwamkia shikamoo mara tatu, naye akaitikia marahaba zote bila kuchoka.

Hospitali yetu ilikuwa miongoni mwa zile zilizotakiwa kuisaidia nchi kujua wagonjwa wanapata vimelea gani wakiwa wodini, na ni dawa zipi vimelea hivyo havizijali tena. Kazi yenyewe haikuwa ya ajabu. Wodi inachukua sampuli, mimi nazipanga kwenye boksi la barafu, basi la asubuhi linazipeleka Morogoro kwenye maabara yenye uwezo wa kuotesha vimelea ili vitambulike. Majibu yakirudi najaza fomu, natia saini, fomu inakwenda taifani. Miezi ikapita, na fomu za wodi yake zikawa safi: hakuna kilichoota. Kwenye vikao tulisifiwa. Nikavimba kichwa, utadhani mimi ndiye niliyewaosha wagonjwa wote.

Ndipo mjomba wangu, fundi wa matairi pale Mikumi, akaangukiwa na lori lililoteleza kwenye jeki. Mguu wa kulia ulivunjika vibaya. Ndugu walitaka apelekwe mkoani moja kwa moja. Nikawazuia mimi. Niliwaambia wodi yetu ni safi, ninazo karatasi, na yule mama namwamini kuliko ninavyojiamini mwenyewe. Akawekewa vyuma. Siku ya sita kidonda kikaanza kutoa usaha.

Sampuli ikachukuliwa. Hakuna kilichoota. Ikachukuliwa ya pili, vilevile. Daktari hakuwa na mdudu wa kumlaumu, kwa hiyo akaendelea na sindano ileile aliyoanza nayo, na mjomba akaendelea kuchemka kwa homa. Usaha niliuona kwa macho yangu na harufu niliisikia kwa pua yangu, lakini nikaiamini karatasi. Mpaka leo sijajisamehe.

Aliyenifumbua macho ni mjomba mwenyewe, bila kujua. Nilimpelekea uji mchana mmoja, akaanza kumsifu yule mama.

“Ana mkono mwepesi, mpwa wangu. Ila siku za kijiti huwa ananikomoa kidogo. Kwanza ananipaka ile dawa inayochoma, anangoja ikauke, ndipo anapitisha kijiti. Siku nyingine hanipaki. Ndio utaratibu?”

Nikamwambia anywe uji usije ukapoa. Dawa inayochoma kisha ikakauka ni spiriti.

Nilimkuta mama wa wodi chumba cha kufungia vidonda, anakunja vitambaa vya gozi. Nilimuuliza moja kwa moja, na kusema kweli hakukana.

“Zamani tulituma sampuli za haki,” alisema. “Majibu yakaja mabaya. Unadhani walileta dawa? Walileta watu wenye mafaili. Wakauliza nani haoshi mikono. Bomba lilikuwa halitoi maji wiki nzima, hilo hawakuuliza. Muuguzi wangu mmoja akahamishwa, na mtoto mchanga mgongoni. Nikasema basi, haitatokea tena.”

“Na mjomba wangu?”

Aliendelea kukunja. “Ulitaka nifanyeje? Nichukue yake vizuri na za wenzake vibaya?”

Mwanamke huyo alikuwa akiwafokea wagonjwa waliochelewa kuja: mficha maradhi, kifo humuumbua. Huko nje wangenionea watu nisiowajua ningeelewa, lakini kikulacho ki nguoni mwako.

Sampuli ya tatu niliichukua mwenyewe, kwa maji ya chumvi, kama alivyonifundisha. Nilimwambia mjomba majibu yake yatakwenda mpaka serikalini, ili wengine yasiwapate kama yaliyompata yeye. Alifurahi. Majibu yalirudi: mdudu yupo, tele, na ile sindano ya siku zote hizo haimfanyi kitu. Dawa ya kumuua ilikuwepo, ila si kwenye stoo yetu. Tulimkimbiza mkoani. Mfupa ulikuwa umeshaoza, wakakata chini ya goti.

Niliandika jibu hilo kwenye fomu. Kwenye kikao mganga mfawidhi akauliza sampuli ilichukuliwa na nani. Mama wa wodi akasimama, na kwa sauti yake ya upole akasema, “Ilichukuliwa na ndugu wa mgonjwa, nje ya utaratibu wa wodi. Mimi sikuwepo.” Kila neno lilikuwa kweli. Jibu likafutwa kwenye fomu, na mwenye stoo akasema kwa taarifa zilizopo haoni sababu ya kuagiza dawa nyingine. Mlangoni yule mama alisimama kidogo, akingoja shikamoo yake. Nilipita.

Jumamosi yake nilikwenda Mikumi. Mjomba alikuwa amekaa kwenye benchi mbele ya matairi yake, magongo yake ya kutembelea yako pembeni, malori yanapita. Nilimweleza yote, pamoja na saini zangu kwenye zile fomu safi. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Kwa hiyo huko serikalini mguu wangu haujaandikwa.”

“Haujaandikwa, mjomba.”

“Na kitanda changu, amelala nani sasa?”

“Mama mmoja. Amejifungua kwa upasuaji, kidonda kinatoa usaha.”

“Anapigwa sindano gani?”

“Ileile,” nikasema.